Neno Linalowasimamisha Maksai wa Nan Tarbox

Saa kumi na moja alfajiri, Rowley, jimbo la Massachusetts. Nan Tarbox amepiga goti kwenye baridi ya Novemba, anakwangua tope kwenye kwato za maksai wake wawili, Bright na Duke. Kahawa aliyojimiminia imepoa juu ya ukuta wa mawe.

"Siku ya mashindano ya maksai ya Topsfield huwa nalala fofofo," anasema. "Jana sikufumba jicho."

Nan, mwenye umri wa miaka 58, anaendesha maksai kama baba yake. Hukokota magogo, hulima kwenye maonyesho, na siku hizi huitwa na watu wa filamu. Wiki hii amekodiwa kwenye tamthilia ya kesi za uchawi za mwaka 1692, enzi za utawala wa Mwingereza. Maksai wake watavuta mkokoteni wa waliohukumiwa kunyongwa. Mmoja wao ni Dorcas Tarbox, bibi wa mababu zake.

Siku Dorcas alipopelekwa kunyongwa, mkokoteni ulikwama kilimani. Wasichana waliowashtaki wenzao wakapiga kelele kwamba shetani ameushika. Yeyote aliyewahi kutembea nyuma ya maksai anajua kinachoshika gurudumu: tope.

Wenye tamthilia wanajisifu kwa ukweli wa kihistoria. Vifungo vya mfupa, vitambaa vya kufumwa kwa mkono. Nan mwenyewe amevalishwa kama mkulima wa kiume wa zama zile, akavuliwa hata saa. Lakini tope hawakulitaka. Mwongozaji anataka maksai wasimame ghafla kwenye njia kavu, Nan awaamuru kwa kunong'ona huku uso kaugeuzia pembeni, ionekane wanyama wameona kitu.

Nan aliuliza kwa nini wasichimbe shimo wakalimwagia maji. Msaidizi wa mwongozaji, kijana mpole, akamcheka kidogo.

"Mama Nan, nani atakaa sebuleni kutazama gurudumu limezama?"

"Enzi zile walikaa kutazama watu wananyongwa," Nan akamjibu.

Jana, kwenye mazoezi, alinong'ona kama alivyoagizwa. Maksai wakasimama kama waliopigwa msumari. Watu wakapiga makofi. Nyuma yake, mwanamke aliyevaa kofia ya mwanakijiji akamwambia mwenzake taratibu, "Kumbe yule Dorcas alikuwa mchawi kweli."

Ndiyo sentensi iliyomfanya akeshe.

Na ana haki ya kukesha. Wengi waliokiri uchawi waliachwa hai. Dorcas alikataa kusema uongo, akapandishwa mkokotenini. Jina la mwisho kati ya waliohukumiwa lilisafishwa mwaka 2022, wakati maduka yalikuwa yamewauzia watalii vinyago vya plastiki vya wachawi vizazi na vizazi. Wakubwa hawana haraka na doa lisilo lao. Leo doa lile linataka kurudishwa kwa neno moja, na wa kulinong'ona ni damu ya Dorcas mwenyewe.

Akigoma? Yupo mwendesha maksai wa Vermont, anangoja kupigiwa simu tu. Bright na Duke hula marobota mia nne ya nyasi kavu kila majira ya baridi, na mwaka huu ukame umeacha ghala nusu. Jirani yake, Asa Pingree, amemtania kwamba shetani akikuajiri, dai chako kabla jua halijazama. Nan hakucheka.

Neno lenyewe ni fupi. "Wo," anamtajia mwandishi wa makala haya, na Duke, aliyekuwa akinyemelea ndoo ya shayiri, anaganda mguu juu. Hapo Nan anatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hii.

Honi inalia kutoka kambi ya wapiga picha. Anawafunga nira. Pini ya nira inaanguka mara mbili, anaiokota.

Ameshaamua, anasema, ingawa bado anaogopa. Wakifika pale penye njia kavu, hatanong'ona wala hatageuka pembeni. Ataitazama kamera, atainua fimbo na kusema neno lile kwa sauti ya shambani, mtazamaji aone ni mtu, si shetani, aliyewasimamisha maksai.

"Sauti wanaweza kuifuta," anasema akiishika fimbo. "Ila mdomo wangu utaonekana."

Kisha anawaambia Bright na Duke waende, na wanakwenda.