Raba Nilizozizuia Stoo

Katika miaka yote niliyofanya kazi, siku inayonirudia zaidi ni ile Mzee Mkude alipokataa kuitikia shikamoo yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, mwanangu, na nilijiona najua kila kitu.

Nakusimulia hili kwa sababu Jumapili iliyopita ulinichosha. Ulikuja kutoka Mikumi, ukakaa hapa kwangu Kilosa, ukafungua simu na kunionyesha mstari unaoshuka. Ukasema, "Mama mkubwa, tangu wanipe kazi ya kusimamia gharama, kila kisima tunachochimba kinatugharimu kidogo kuliko kilichopita." Nikakuuliza umepunguza nini. Ukajibu bila hata kuinua macho, "Matengenezo tu." Sikutaka kukusema mbele ya wageni, lakini chai yangu ilipoa kikombeni. Leo utanisikiliza.

Wakati ule kulikuwa na watu waliotafuta mafuta kwenye nyanda za huku kwetu. Wao hawakuwa na mitambo, kwa hiyo waliajiri kampuni yetu iwachimbie. Kambi ilikuwa upande wa Ruhembe, kupita mashamba ya miwa, na wanaume wengi wa pale walipata kazi kwetu. Mimi nilitoka Mamboya, nimesoma kwa masista, hesabu naziweza. Nikapewa stoo ya vipuri, na juu yake kazi ya kuandika kila mwezi gharama ya kuchimba mita moja.

Kila mwezi gharama hiyo ilipanda. Meneja alikuja kutoka Morogoro, akaniambia, "Dada, tafuta pa kupunguza. Hii ikiendelea, kambi itafungwa."

Sikumwuliza mtu yeyote kwa nini inapanda. Hadi leo nikikumbuka natamani kujizaba kibao. Mzee Mkude, msimamizi wa mtambo, aliandika kila kitu kwenye daftari lake: siku walipofika kwenye mwamba mgumu, siku lori la dizeli lilipozama kwenye tope la masika na kukaa hapo siku nne. Sababu zote zilikuwa mle. Daftari lenyewe lililala kwenye meza jirani na yangu, nami sikuwahi kulifungua, maana nilikuwa na jedwali langu.

Jedwali likanionyesha kwamba kitu kinachotoka stoo mara nyingi ni raba za pampu. Pampu hiyo ilisukuma tope jepesi hadi chini ya shimo, nalo lilipopanda lilibeba vipande vya mawe. Raba zikilika, nguvu hupungua na mawe hubaki chini. Mzee Mkude alizibadilisha mapema, kabla hazijaisha kabisa. Mimi nikaona ni ubadhirifu. Alipoleta fomu ya kuomba nyingine nikamrudisha mikono mitupu.

"Mzee, tumia hizo hizo mpaka zife."

Akaleta fomu mara ya pili, na ya tatu. Kila mara nilikataa, na kila mara alisaini, akaniachia nakala, akaondoka bila kugomba.

Kwa miezi miwili gharama ikashuka. Nikaletewa barua ya pongezi, nikaibandika ukutani, mjinga mimi.

Kisha asubuhi moja pampu ikakosa nguvu wakati shimo limeshakwenda chini sana. Mawe yakatuama, mabomba yakakwama. Walivuta, wakazungusha, wakavuta tena, siku kumi na moja. Mwishowe shimo likaachwa na mabomba yake ndani. Nilichookoa kwenye raba kisingenunua hata bomba moja kati ya yale.

Nilikwenda mtamboni siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Mzee Mkude alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Wewe umezaliwa huku, unajua maana yake mtu mzima kuinyima salamu marahaba. Alimaliza kufuta vidole vyote, kimoja kimoja, ndipo akasema, "Binti, ulikuwa unaona raba zinatoka tu. Ulishawahi kuja kuona zinakwenda wapi?" Nikatikisa kichwa. "Hukupunguza gharama. Uliisogeza mbele kidogo, ukaniachia mimi."

Meneja alipofika alitaka mtu wa kubeba lawama, akamchagua yeye. Akasema mzee amezembea, afukuzwe. Mzee Mkude hakutaja zile fomu. Nakala zote tatu zilikuwa kwenye droo yangu, na siku tatu nilikaa nazo, nakula, nalala, nasalimia watu. Nilijiambia kwamba mama yangu ananitegemea. Ilikuwa kweli, lakini hata Mzee Mkude alikuwa na wanaomtegemea. Siku ya nne nilimwona anafunga zana zake kwenye gunia. Nikazichukua fomu nikaziweka mbele ya meneja.

"Aliomba mara tatu. Mimi ndiye niliyemnyima."

Mimi nikafukuzwa, yeye akabaki. Usidhani nilijisikia shujaa. Kambi ilifungwa hata hivyo, mtambo ukahamishiwa mbali pamoja na mzee, na wale wanaume wa Ruhembe wakarudi kukata miwa. Nilipoanza kuuza mchele hapa sokoni walikuwa wananunua kwangu na kunisalimia kwa furaha, maana hawakujua nilichofanya. Afadhali wangenitukana.

Sasa nisikie, mwanangu, kwa maana sina nguvu ya kulirudia. Gharama ikipanda, tafuta kwanza kwa nini imepanda, na umwulize anayeshika mashine. Ikishuka, jiulize nani anailipa badala yako. Usimnyime fundi kipuri kwa sababu tu kazi yake haionekani kwenye mstari wa simu yako. Na kama umeshakosea, sema mapema, mtu mwingine asibebe mzigo wako hata siku moja, seuze tatu kama mimi.

Kesho ukifika kazini, nenda kwanza mtamboni. Wasalimie wale mafundi, kaa nao, waulize walichoomba wakanyimwa. Mungu akupe masikio ya kuwasikiliza, ailinde mikono yao na riziki ya watoto wao, na akujalie uzee ambao kila salamu yako itaitikiwa.