Koti la Baridi Mwezi wa Saba

Siku Orrin Lindahl anaondoka kwenda kumtembelea mwanawe huko Pueblo, Colorado, nilikuwa nimesimama bustanini kwangu na mpira wa maji mkononi, nikawa naona kila kinachopita kuingia kwenye gari-nyumba lake. Kilipita kikapu cha chupa za matango ya siki. Vikapita vipande vya mbao vya kuweka chini ya magurudumu ili gari likae sawa. Kisha likapita koti lake zito la baridi, lile la kahawia alilolivaa miaka yote aliyofanya kazi kwenye maghala ya nafaka hapa mjini, lenye kiraka kwenye mkono wa kulia alichokishona marehemu mkewe, Mavis. Ulikuwa mwezi wa saba na mimi nilikuwa nimevaa kandambili.

"Orrin," nikamwita, "unakwenda kwa mwanao au unakwenda ncha ya dunia?"

"Kule jioni huwa kuna kaubaridi," akasema bila kugeuka. "Ile milima."

Pueblo haipo mlimani. Niliendelea kumwagilia nyanya zangu, maana nilijua koti lile linakwenda kufanya nini.

Majira ya baridi yaliyopita Orrin aliteleza kwenye barafu akipeleka pipa la taka barabarani. Mimi ndiye niliyemkuta asubuhi, amelala chali karibu na pipa, kofia imemtoka, nyusi zimeganda nyeupe. Hakuweza kuinuka na hakujua amekaa pale kwa muda gani. Aliponiona nimeinama juu yake akasema, "Samahani Ardis, sikutaka kukusumbua." Nilitamani kumzaba kofi. Baada ya hospitali alinishika mkono akaniapisha nisimwambie mwanawe Kent neno, nami nikaapa, kwa sababu mtu akiwa kitandani huwezi kumbishia. Lakini tangu siku ile aliiogopa nyumba yake. Alikuwa anakuja kwangu kunywa kahawa anakaa mpaka kahawa inapoa kikombeni. Hakuwahi kusema kwamba anataka kwenda kuishi kwa mwanawe kabla baridi haijarudi. Alisema tu kwamba chumba cha wageni cha Kent kina dirisha la mashariki.

Gari-nyumba lile walilinunua yeye na Mavis alipostaafu. Lina kitanda, jiko la plati mbili, na choo ambacho hakuna anayependa kukizungumzia. Watu wengine wakinunua kitu kama hicho huenda kuona mabonde na maporomoko ya maji. Orrin na Mavis walikwenda kuona jamaa. Kila majira ya joto walizunguka, wakaegesha mbele ya gereji ya huyu, wiki inayofuata mbele ya gereji ya yule, wakachomeka waya wao wa umeme, wakalala ndani ya gari lao wasimsumbue mtu kwa mashuka. Nchi hii Orrin anaijua kwa gereji zake. Mtajie Nebraska, atakuambia soketi ya binamu yake Lyle iko upande wa kushoto, nyuma ya mashine ya kukatia majani.

Sasa, hapa kwetu Minnesota mtu hakubali kitu anapokaribishwa mara ya kwanza. Ukimwambia karibu kahawa, anasema hapana, asante. Ukimwambia tena, anasema usijisumbue. Ukimwambia mara ya tatu ndipo anajua umekusudia, naye anasema, "Basi, kama kweli si usumbufu," na anakaa. Anayekubali mapema ni mlafi, na anayekaribisha mara moja tu alikuwa anaomba Mungu ukatae. Sijawahi kuona mtu akifundishwa jambo hili. Tunazaliwa nalo.

Marisol, mke wa Kent, hakuzaliwa nalo. Amekulia huko huko kusini mwa Colorado, kwenye nyumba ambayo mtu akisema hapana ana maana ya hapana, na akitaka sahani ya pili anajipakulia mwenyewe. Ni mwanamke mwema. Haya ninayoyasimulia mengi nimeyapata kwake na kwa Kent, mengine kwa Orrin mwenyewe, tone kwa tone.

Jioni aliyofika, Marisol alimpikia nyama ya nguruwe kwenye rojo la pilipili za kijani. Orrin huiona pilipili manga kuwa ni ujasiri. Alikula yote, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola.

"Ni kali, Baba?" Marisol akamuuliza.

"Ina ladha yake," akasema Orrin, na akaomba maziwa.

Walipokuwa wakikusanya sahani, Marisol alilisema lile neno, wazi kabisa, mikono ikiwa kwenye maji ya sabuni. "Baba, mimi na Kent tumezungumza. Kwa nini usihamie hapa? Chumba kipo, hakina mtu. Nyumba ile kubwa unakaa peke yako ya nini?"

Orrin ameniambia moyo ulimdunda hata akaogopa wataona shati linacheza. Akaweka glasi ya maziwa mezani. "Ah, hapana," akasema. "Nyinyi mna mambo yenu."

"Sawa, Baba," Marisol akasema. "Nilitaka tu ujue." Akaendelea kuosha vyombo, na alikuwa amesikitika, kwa sababu alidhani mzee amekataa.

Hata kwenye chumba kile hakulala. Walimwonyesha kitanda, akasema gari lake linamtosha, wakamwacha. Alilala mbele ya gereji, waya wa umeme umepita chini ya mlango, akisubiri kuambiwa mara ya pili.

Alisubiri wiki nzima na zaidi. Kila alipopaswa kuondoka alikuta jambo. Mara tairi la nyuma limepungua upepo. Mara bomba la mvua la Kent limelegea, akapanda ngazi kulikaza, Kent akipiga kelele chini, "Baba, shuka, nitamwita fundi." "Fundi wa nini, na mimi nipo?" Akarekebisha bawaba ya geti. Akapaka rangi geti lenyewe. Akapaka rangi na sanduku la barua ambalo halikuwa na tatizo. Siku moja aliwasha kiyoyozi cha gari wakati Marisol anakausha nguo, umeme ukakatika nyumba nzima, na Marisol akatoka nje anacheka. "Baba, wewe na gari lako mtatuunguza. Si uje ulale ndani kama binadamu?"

Hapo palikuwa karibu sana. Orrin alilipima neno lile usiku kucha akaona haliwezi kuhesabiwa. Lilihusu kulala, halikuhusu kuhamia, na lilisemwa kwa kicheko.

Kent ndiye wa kulaumiwa, na mimi namlaumu. Yeye ni mtoto wa hapa. Nilimwona kwa macho yangu, akiwa na suruali fupi, akikataa biskuti zangu mara mbili huku mate yanamtoka. Lakini amekaa kule miaka mingi, ana kazi, ana mkopo wa nyumba, na amezoea kula anachopewa. Alimwona baba yake anapanda ngazi na kupaka rangi, akamwambia mkewe, "Mzee yuko imara. Anapenda uhuru wake."

Siku ya kuondoka waliagana kwa namna yetu. Kwanza waliagana mezani, kisha mlangoni, kisha kwenye geti lenye rangi mpya, kisha Orrin akapanda garini, akawasha injini, akateremsha kioo, wakaanza upya. Walizungumza barabara atakayopita. Walizungumza bei ya mahindi. Ndipo Marisol akaweka mkono kwenye dirisha.

"Baba, una hakika hutaki kubaki?"

Ilikuwa ya pili. Orrin aliihesabu. Alitazama usukani akasema kama inavyotakiwa kusemwa, "Sitaki kuwa mzigo kwa mtu. Na Ardis anateseka kumwagilia nyanya zangu."

Akangoja. Injini ilikuwa inanguruma, kioo kiko chini, mkono wa Marisol bado uko pale. Kent akazunguka mbele ya gari, akagonga boneti mara mbili kwa kiganja. Kwetu ukigongewa boneti umeruhusiwa, safari njema, hakuna la kuongeza. Orrin akaweka gia.

Marisol aliingia ndani kubadilisha mashuka ya chumba cha wageni, ingawa hayakuwa yamelaliwa, na alipofungua kabati akakuta koti. Lilikuwa limetundikwa katikati ya fimbo ya kutundikia nguo, peke yake, limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Orrin alilipeleka pale siku ya pili, alipoingia ndani kuomba choo.

Akampigia simu. Orrin alikuwa amefika kwa Lyle, Nebraska, anatafuta ile soketi nyuma ya mashine ya majani.

"Baba, umesahau koti lako la baridi."

"Oh, lile," Orrin akasema. "Liache tu hapo. Usijisumbue."

"Wala si usumbufu hata kidogo. Nalipeleka posta leo hii."

Akalipeleka. Kisha akanipigia mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayepokea mizigo ya Orrin akisafiri. "Ardis, linakuja koti la Baba, tafadhali mpokelee. Sijui alilitundika la nini kabatini kwetu, na joto lote hili." Nikamwambia sawa, nitapokea. Nikakata simu haraka. Nina hasira za karibu, najijua, na nilijua nikifungua mdomo saa ile kiapo changu kitatoka pamoja na mambo mengine.

Koti liliwasili kabla ya mwenyewe, kwa sababu Orrin huendesha taratibu mpaka matrekta yanampita. Nililiweka kwenye meza ya jikoni likiwa ndani ya boksi lake. Nililitazama wakati wa kifungua kinywa. Jioni nikampigia Kent.

"Koti la baba yako limefika," nikasema.

"Vizuri. Asante, Ardis."

"Ni lile la maghala. Zito. Nilimwona akilipakia."

"Ndiyo, Marisol ameniambia. Mzee ameanza kusahau."

"Hajasahau kitu. Alikuja nalo kwako mwezi wa saba, akalitundika kwenye kabati lako, akalifunga vifungo." Nikanywa kahawa kidogo ili nisiseme la barafu. "Kent, mlimwambia abaki?"

"Tulimwambia. Alikataa."

"Mara ngapi?"

Nilisikia televisheni upande wake, kisha nikasikia imezimwa. "Mara mbili," akasema. Halafu akasema neno ambalo marehemu mama yake asingelipenda, na simu ikakatika.

Orrin alifika kesho yake mchana. Aliegesha mbele ya gereji yake mwenyewe, mahali pake pa siku zote, na safari hii hakuteremka. Nilikwenda na boksi nikasimama kwenye dirisha lake. Alikuwa amechoka, mashavu yameingia ndani. Alitazama boksi akaniambia, "Yule binti ni mwepesi kweli," na nilimwonea huruma kuliko siku ile ya pipa.

Simu yake ikalia juu ya kiti cha pembeni, kile cha Mavis. Aliichukua, akaiweka sikioni.

"Kent," akasema. "Ndiyo, nimefika. Ndiyo, liko hapa, analo Ardis." Akasikiliza. Akasikiliza sana. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unakwangua kitu kwenye usukani, tone kavu la rangi ya geti. "Mwanangu," akasema, "nyinyi mna mambo yenu."

Nilishikwa na hofu. Hii ndiyo ilikuwa ya tatu, naye ameijibu kama ya kwanza. Sisi hatuna ya nne. Hakuna mtu ninayemjua aliyewahi kuambiwa mara ya nne, na nilikaza mikono kwenye boksi lile mpaka kona ikabonyea.

Sijui Kent alisema nini. Orrin alifumba macho.

"Basi," akasema. "Kama kweli si usumbufu."

Akaweka simu. Nilikuwa nimefurahi, na nilikuwa nimeumia, nayasema yote mawili. Nyumba yangu na yake zimetazamana miaka mingi kuliko niliyoishi na mume wangu. Niliona baridi inayokuja, dirisha la jikoni kwake limezimwa taa, na mimi napeleka pipa langu barabarani hatua kwa hatua.

"Wanakuja mwezi wa tisa kunisaidia kufunga vitu," akasema.

"Vizuri," nikasema. "Utazoea zile pilipili."

"Zina ladha yake."

Nikampa boksi kupitia dirishani. Akaliweka kwenye kiti cha Mavis, akalifunga mkanda.

"Ingia kwangu unywe kahawa, Orrin," nikamwambia.

Nilijiandaa kumwambia tena, na tena, kama siku zote. Alikuwa ameshafungua mlango wa gari.