Hapana, Hatumii Dawa

Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka sita kifua kilipoanza kumvimba kama cha binti anayebalehe. Wenzake walimcheka, akaanza kushinda na sweta la shule hata kwenye joto la Oktoba hapa Tabora.

Mara tatu nilimpeleka hospitali, mara tatu nikaulizwa kama anatumia dawa yoyote. Nilijibu hapana, tena kwa ukali, maana nilishachoka. Kwangu dawa ni ya kunywa au sindano. Mimi nilikuwa nampaka mafuta asilia ya maua ya lavenda tu, mwili mzima, asubuhi na jioni.

Safari ya nne, daktari aliinama kumpima, akasita.

“Mama, mtoto ananukia. Unampaka nini?”

Nikamtajia, tena kwa fahari. Akasema hana hakika, ila huenda mafuta ya baadhi ya mimea yakafanya kazi kama homoni za kike. Niache kwanza, tuone.

Niliacha. Kama yalikuwa mafuta au mwili wake tu, hakuna anayejua, nami sina nguvu ya kuuliza tena. Kifua kimeshalala, miezi sasa.

Sweta hajalivua.