Lualaba kwa Rangi za Maji

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya majira ya mvua hapa Kamina ambayo bado naikumbuka. Vita kubwa ya Wazungu ilikuwa imekwisha karibuni. Mume wangu Ilunga alikuwa amelala, ameugeukia ukuta. Alikuwa mfanyakazi wa reli, na mabehewa yalimbana mguu alipokuwa akiyaunganisha. Daktari aliuokoa mguu, lakini tangu hapo Ilunga hakutaka kusema na mtu. Uji niliompelekea ulipoa, nikaurudisha jikoni.

Mama yake alikuwa amekuja kutoka Bukama kumuuguza. Asubuhi hiyo aliniuliza kuhusu picha ndogo ya maua ya manjano iliyobandikwa ukutani. Nikamwambia niliichora mwenyewe nilipokuwa msichana shuleni. Sista mmoja mwenye miwani alitufundisha kushona, na tuliomaliza mapema alitufundisha kuchora kwa rangi za maji. Nilipoolewa alinipa kisanduku chake cha rangi. Kisha wakaja watoto, wa kwanza Banza, na shamba, na kuhamishwa kutoka stesheni hadi stesheni, na kisanduku kikabaki chini ya nguo.

"Muchoree mutoto wangu mayi ya kwetu," mama mkwe akasema, akimaanisha maji ya mto Lualaba unaopita Bukama. "Labda atafungula macho."

Nilikitafuta kile kisanduku. Rangi zilikuwa zimekauka na kupasuka, lakini nilipozidondoshea maji zililainika, na ile harufu yake hafifu ikanirudisha kwenye dawati langu karibu na dirisha, katikati ya vicheko vya wenzangu. Machozi yalinitoka kidogo, sikuyaficha.

Mkono, hata hivyo, ulikuwa umesahau. Nilipaka anga, na kabla halijakauka nikapaka miti; kijani kikaingia kwenye buluu, vyote vikawa tope. Nikaichana karatasi. Ya pili nayo nikaichana. Nilipotaka kuchana nyingine, mama mkwe akanishika mkono.

"Mama Banza, juu ya nini unapasula?"

"Mama, zamani nilikuwa najua. Sasa iko mubaya."

"Unatafuta mukono ya ule mutoto wa kwa masista. Ule alishaka kukomala, alizala batoto, alilima. Weye njo uko hapa. Chora na mukono yako ya leo."

Hakusema kwa ukali. Nikaacha anga likauke. Nikakaa tu, mikono mapajani, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miaka. Halafu nikachora Lualaba, matete ya kando, na mvuvi amesimama ndani ya mtumbwi. Mistari ilitetemeka. Nikaiweka picha mbele ya Ilunga.

Akageuka kuitazama.

"Huyu muntu atatumbukia," akasema.

"Nani?"

"Wa mu bwato. Anasimama kati-kati. Kwetu banasimamaka ku mwisho."

Akaniomba nimsaidie kukaa, akanionyesha kwa kidole mahali ambapo baba yake alikuwa akisimama na upondo wake. Akasimulia jinsi ukungu unavyochelewa kuondoka juu ya maji. Mama yake akaingia jikoni, akarudi na bukari, ugali wetu wa huku, na samaki. Ilunga alikula huku akiendelea kunikosoa, nami sijawahi kufurahia kukosolewa kama siku ile.

Mguu ulibaki mzito, na kwenye mabehewa hakurudi. Watu wa reli walimpa kazi ya bohari. Mimi nikawa nachora kila nilipopata nafasi. Wepesi wa usichana wangu haukurudi, na baada ya muda nikaacha kuungoja.

Kwa hiyo, mwanangu, kama kuna kazi ya mikono uliyoipenda ukaiacha kwa sababu ya maisha, usione haya kuirudia. Usijipime na yule uliyekuwa zamani. Utaharibu karatasi, hilo halina neno. Ngoja rangi ikauke, uendelee. Na mwonyeshe mtu unayempenda hata kabla hujaiona imekamilika, maana huenda anaihitaji vilevile ilivyo.

Mungu akulindie macho yako na mikono yako. Akupe nyumba yenye watu wa kukuambia ukweli kwa upole, na uzeeni akuache ungali na kitu unachokipenda kukifanya asubuhi.