Hesabu za Mkono wa Kushoto

Kwa miaka minne nilibuni sweta pamoja na mama mmoja wa Kikongo niliyekutana naye kanisani. Kule Bukavu alikuwa mwalimu wa hesabu. Hapa ughaibuni alikuwa amestaafu kazi ya kutunza wazee. Yeye alibuni umbo na nakshi, mimi nikaandika maelezo, mstari kwa mstari, ili mfumaji yeyote aweze kuyafuata. Kila Jumamosi nilipanda basi kutoka Brampton hadi kwake Malton, tukakaa mezani tukibishana mpaka chai ikapoa. Mimi nilihesabu vitanzi vya uzi kwa kidole. Yeye alitupa jicho tu, akataja idadi, na hakukosea.

Halafu mfumaji mmoja aliyekuwa akitujaribia sweta mpya akaniandikia: mkono wa kushoto umeuzidi wa kulia kwa vitanzi kumi na viwili. Nikampigia mama simu. Akanipa hesabu nyingine, nayo ikakataa. Akanipa ya tatu, ikawa mbaya kuliko zote.

"Mama, watu watatucheka," nilimwambia. "Kama umechoka, si useme?"

"Nilihesabu bien, vizuri kabisa, mwanangu. Ngoja nihesabu tena."

"Usihangaike. Nitamaliza mwenyewe."

Nikakaa wiki sita bila kwenda kwake. Nilisingizia zamu za kazi yangu ya ghalani, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimenuna.

Siku moja binti yake akanipigia. Binti huyu huelewa Kiswahili ila hujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alijikaza, akasema neno mojamoja: "Mama alipotea kwenye basi. Anasahau. Daktari anasema hatapona."

Nilipofika, mama alikuwa amelala. Binti akanipa daftari letu la kazi. Kurasa zote za mwisho zilikuwa za mkono uleule wa kushoto. Alikuwa ameuhesabu, akafuta, akauhesabu upya, hata karatasi zikatoboka kwa kifutio. Pembeni pa ukurasa mmoja aliandika: *Leo nitapata.*

Nililia pale jikoni kama mtoto.

Alipoamka nilipiga magoti, nikamwambia yote: ile simu, maneno yangu, zile wiki sita. Alinisikiliza kwa upole, kama anavyosikilizwa mgeni mwenye msiba. Kisha akanishika mkono.

"Nenda kwa huyo mama," akasema. "Mwombe radhi. Atakusamehe tu, wamama hawawekagi kinyongo."

Nikamwahidi nitaenda.

Sweta ile sijaitoa kwa wafumaji mpaka leo. Hesabu za mkono nilizirekebisha kwa asubuhi moja, wala hazikuwa ngumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ningeweza kukaa naye siku moja tu tukazimaliza pamoja. Jumamosi bado naenda Malton. Akiniuliza mimi ni nani, namwambia ni mtu wa kanisani, naye hunikaribisha chai.