Mtani Wangu Aliponiamkia Shikamoo

Homa ya papasi ina tabia za mnunuzi mbaya. Inakuja, inakushika huku na huku, inakugeuza, inakwenda zake. Unamshukuru Mungu, unaomba uji, na kabla uji haujapoa imerudi, inakwambia bei ya jana imekufa.

Mimi niliipata bondeni, katika kibanda cha wapagazi jirani na kambi ya watu wa reli, Mdachi alipokuwa akiisukuma reli yake kutoka pwani kuja Morogoro. Nililala pale kwa sababu palikuwa bure. Tangu siku hiyo sijalala mahali pa bure bila kuuliza nani mwingine analala humo.

Nilikuwa nikishuka kutoka milimani, juu ya Bigwa, na ndizi na tumbaku, nauza sokoni. Nilijulikana kwa mdomo, na kwa kuhesabu kila kitu mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya kitu chenyewe, mara ya pili kwa ajili ya mtu aliyenipa. Ubavuni kwangu alikaa Mnyamwezi mmoja, muuza chumvi, aliyekuja na mzigo wa msafara, akautua, akaona miguu yake imetosha. Wanyamwezi na sisi Waluguru ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hana haya na mtani wake. Humtukana akiwa hai, humtukana akifa, na hakuna ruhusa ya kukasirika.

"Mluguru, umeshuka?" alinipokea kila asubuhi. "Nilidhani nyani wa huko wamekuoza binti yao."

Nami nilimuuliza kichwa chake kinajisikiaje tangu mzigo ulipotoka, maana hakijawahi kubeba kitu kingine. Ndivyo tulivyoamkiana.

Homa iliponiangusha, nilipandishwa mlimani kwa machela. Mjomba wangu alipatana na wachukuzi safari ya kwenda tu, nikajua anafikiri nini. Kwetu mjomba, ndugu wa mama, ndiye mwenye kauli. Shamba ni la ukoo wa mama, nami na migomba yangu tuko chini ya kauli hiyo. Alikaa kizingitini akitazama nje.

"Mjomba," mke wangu akamwambia, "mgonjwa yuko huku ndani."

"Najua alipo. Ni migomba ndiyo sijui itakwenda wapi."

Siku nyingine akaja na sanda. Macho yangu yalikuwa hayaoni vizuri, lakini bafta niliigusa.

"Ameinunua kwa nani?" nikamuuliza mke wangu kwa sauti ya mbu.

"Nyamaza, utamaliza pumzi."

"Nyepesi hii. Muulize amepimiwa kwa mkono wa nani."

Habari za mgonjwa hushuka mlima upesi kuliko maji. Zilipofika sokoni nilikuwa nimeshakufa. Mtani wangu akafunga chumvi yake, akapanda kutimiza wajibu, kwa kuwa kazi ya mtani msibani ni kuwachekesha waliao: huvaa nguo za marehemu, huiga maneno na mwendo wake, hata apewe kitu ndipo anyamaze. Alipofika alikuta wanawake wamekaa uani wamejitanda, kwa sababu wanawake wa kwetu hupenda kuwahi. Akaona ushahidi umetosha. Hakuuliza. Akachukua kofia yangu barazani, akajitupa chini mbele ya mlango, miguu juu, akatoa sauti yangu hasa, ile ya puani:

"Malaika, mmekuja wangapi? Simameni niwahesabu! Haya, simameni tena! Na hilo kaburi mbona kubwa hivyo? Nipunguzieni bei, miguu nitaikunja!"

Wanawake walicheka mpaka mitandio ikawatoka. Mjomba alicheka kuliko wote. Nami nilikuwa ndani, nasikia kila neno. Kilichoniudhi hakikuwa kufa. Kilichoniudhi ni kwamba alikosea. Mimi siombi kupunguziwa kabla sijaikashifu mali. Nikakusanya pumzi zote nilizobakiwa nazo, nikasema:

"Kwanza useme udongo wake una mawe!"

Kicheko kikakatika. Kofia ikaanguka. Mtu aliyebeba pembe za ndovu toka Unyanyembe mpaka pwani akateremka mlima ule bila kuitafuta njia.

Sasa, kumfanyia mtu utani wa msiba naye angali anapumua si kosa dogo. Ni kumwitia mauti. Ningekufa siku ile au mwezi uliofuata, watu wangesema ni ulimi wa Mnyamwezi ulioniua, naye angekuwa wa kwanza kusadiki.

Lakini sikufa. Homa ilirudi, ikarudi, kisha siku moja ikaenda moja kwa moja, kwa mteja mwingine nadhani. Nikanywa uji, nikafika kwenye ugali, na asubuhi moja nikaiba ndizi ya kuchoma ya mke wangu. Aliniona. Badala ya kunigombeza, akalia kwa furaha. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi.

Vuli ilipoanza nikashuka sokoni, fimbo mkononi, mifupa yangu ikigongana. Wa kwanza kunijia alikuwa mama mmoja wa Kingolwira, anayeweza kukutoa machozi kwa kichane kimoja. Nikamtajia bei ya kipumbavu ili tupate pa kuanzia. Akalipa.

"Pole, baba," akasema, akajitwika ndizi, akaenda.

Nikabaki na hela zile kiganjani kama mtu aliyepewa sadaka, na ndivyo ilivyokuwa. Askari wa boma, aliyezoea kunisogeza kwa kitako cha bunduki, siku hiyo alinizunguka. Hata wezi wa soko walinipita kimya kama wapitao makaburini. Jioni nikahesabu mikungu iliyobaki, nikahesabu tena. Yote ipo. Hakuna hesabu iliyowahi kuniuma vile.

Kwa muuza chumvi nilitarajia dawa. Mlima wote ule nilikuwa nimeushuka kwa ajili ya tusi lake moja. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Sisi ni marika. Nikasikia baridi ya homa inanipanda mgongoni upya.

"Unamwamkia nani?"

"Wewe, baba. Umeamka salama?"

Mtani akikustahi, ujue amekwisha kukuhesabu upande wa pili. Na soko zima lilimtazama yeye ili lijue liseme nami vipi: maadamu mtani ananiogopa, basi kilichokaa pale ni maiti iuzayo ndizi. Asiponitukana yeye, sitapona, hata nikinenepa kama kiboko. Siku zilizofuata nikamchokoza kwa kila njia. Nikasema chumvi yake nusu mchanga. "Kweli, baba," akajibu. Nikamwita punda wa Mdachi. Akaniletea kigoda nikae.

Kigoda ndicho kilichonimaliza. Kesho yake nikapanda darini alikoificha mke wangu ile sanda, nikashuka nayo sokoni, nikaitandaza juu ya ndizi.

"Bafta safi! Haijavaliwa! Mwenyewe hakuihitaji!"

Watu wakapita mbali. Mtani wangu akageuza uso.

"Baba, kiondoe hicho."

"Nunua."

"Hakiuzwi kitu kama hicho."

"Kila kitu kinauzwa. Au waogopa itakubana? Nasikia kwenu mtu huzikwa na gunia lake la chumvi."

Kisha mkono wake, wenyewe tu, ukashika ncha ya kitambaa, ukaisugua baina ya vidole kama mkono wa mnunuzi. Nikaona pua yake inakunjamana.

"Hii?" akasema. "Hii bafta? Huu wavu!"

"Imefumwa vizuri."

"Imefumwa na buibui mwenye homa! Mluguru mbahili wewe, umewarudisha malaika mikono mitupu, na sasa waniuzia mimi nguo waliyoikataa?"

Soko likapasuka kwa kicheko. Nikataja bei. Akanipa kiganja kimoja cha chumvi, tena iliyolowa. Nikamwambia nilichofikiri juu ya chumvi, kiganja, na mama aliyekizaa kiganja. Hapo akaipokonya sanda, maana mtani huchukua bila kulipa, akajipiga kilemba na kutimua mbio.

"Ifuate kama una miguu! Maiti haikimbii!"

Nikamfuata. Fimbo niliiacha wapi, sijui mpaka leo. Nilimkamata kwenye tuta la reli, au tuseme tulianguka pamoja, mimi nakohoa, yeye anahema. Akaifungua sanda kichwani taratibu.

"Ungekufa," akasema kwa sauti ndogo, "ningejua ni mimi."

"Ungejisifu bure. Lini wewe umewahi kumaliza kazi?"

Akanitupia sanda usoni.

Tuliporudi, yule mama wa Kingolwira alikuwa amesimama mbele ya ndizi zangu, mikono kiunoni.

"Bei uliyonipa siku ile ilikuwa ya wizi," akasema.

Nikamwambia angoje. Nikahesabu mikungu, nikahesabu tena. Mmoja haupo. Nikasimama juu ya kigoda nikalitukana soko zima, kuanzia wauza mihogo mpaka askari, kwa raha ambayo sikuwa nayo tangu nilale katika kile kibanda cha bure. Hakuna anayemwibia maiti.