Mguu Nilioufunga kwa Maneno ya Kuambiwa

Mwanangu, kabla ya yote nitenganishe niliyoyaona na niliyoyasikia. Niliona vidole vya mguu wa Ndahani vikibadilika rangi, na mguu huo nilikuwa nimeufunga mimi. Nilisikia kwamba plasta ikikazwa sana huponya kifundo kilichoteguka. La kwanza nitaliapia popote. La pili ndilo lililoniaibisha. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wahenga nawaheshimu, lakini methali hiyo naitazama kwa jicho la pembeni.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya vumbi, kijijini Haneti, mvua zikiwa hazijaanza. Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuoni na cheti pamoja na kiburi, na nilikuwa nahodha wa timu ya kijiji. Ndahani, mkulima wa rika langu, ndiye aliyekuwa winga wetu. Siku mbili kabla ya mechi aliteguka kifundo cha mguu wa kushoto aking'oa visiki shambani. Asubuhi ya mechi akaja kuniambia hatacheza. Mgongo wa baba yake ulikuwa umeshachoka, na mvua zikija, wa kushika jembe katika nyumba ile alikuwa yeye peke yake.

“Mwalimu, mguu huu ndio chakula chetu,” alisema.

“Unaogopa uvimbe? Njoo nikufunge. Utakimbia kama swala.”

Chuoni nilikuwa nimemsikia mchezaji mmoja akijisifu kwamba plasta ikikazwa barabara, kifundo hakina budi kutii. Sikumwuliza alijifunza wapi. Nilichukua plasta pana kutoka sanduku la huduma ya kwanza la shule, nikaizungusha kutoka unyayoni hadi juu ya kifundo, mzunguko juu ya mzunguko, nikiivuta hadi mikono ikaniuma. Kisha soksi, kisha kiatu. Kuuliza si ujinga, husema watu. Mimi nilikuwa na cheti, nikaona kuuliza kutanipunguzia heshima.

Mechi haijafika mbali, Ndahani akanipitia karibu. “Mwalimu, vidole vinawaka moto!”

“Ndiyo dawa inafanya kazi. Kimbia!”

Baadaye akasema haviumi tena, wala havihisi kitu kabisa. Nilicheka kwa furaha. “Umeona? Na wewe ulitaka kulala nyumbani!”

Zingatia hapo, mwanangu. Mguu ulikuwa umeacha kusema, nami nikadhani umepona.

Wakati wa mapumziko baba yake alikuja akiegemea fimbo. Nikamwambia, “Shikamoo, baba.” Hakuniitikia. Alisema tu, “Mvue kiatu.”

Vidole vilikuwa vimegeuka rangi ya majivu, na vilikuwa baridi. Mzee alitoa kisu chake cha machungani, akakipenyeza kwa utaratibu kati ya ngozi na plasta, akakata. Ndipo akanigeukia.

“Mwalimu, umewahi kumfunga ndama aliyevunjika mguu?”

“Hapana, baba.”

“Sisi tukimfunga, kwato tunaiacha nje. Tunaigusa asubuhi, tunaigusa jioni, kwa sababu ndama hasemi. Huyu mwenzako alisema, nawe ukamcheka.”

Mchezaji mmoja alinong'ona, “Leo mwalimu kapata sifuri.”

Rangi ya vidole ilirudi polepole, na maumivu yakarudi nayo. Ndahani aliuma ukosi wa jezi yake asilie mbele ya watu. Lakini kifundo, kwa kukimbizwa kikiwa na ganzi, kilikuwa kimeumia kuliko mwanzo. Mvua zilipoanza hakuweza kukikanyagia. Basi kila siku baada ya vipindi nililima mimi shamba lao la uwele, na mzee akikaa kwenye kigogo akinionyesha kwa fimbo kila mstari uliopinda. Hakunitukana hata siku moja. Ningependelea anitukane.

Nayaeleza haya kwa sababu juzi, huku Miyuji ninakoishi sasa, mjukuu wangu Neema alirudi kutoka mazoezi ya netiboli na tepu ya buluu gotini.

“Babu, hii inavuta uvimbe. Ya buluu inapoza, nyekundu inapasha moto.”

“Umeona au umeambiwa?”

“Kila mtu anasema.”

“Kila mtu ni nani? Nitajie jina.”

Alikuwa ameambiwa na muuza duka wa Chang'ombe. Nikaenda naye hospitali kwa mtaalamu wa fiziotherapia, nikamwuliza mara mbili, naye mara mbili akajibu vilevile: tepu ikibandikwa na anayejua yaweza kupunguza maumivu kwa muda na kuukumbusha mguu usiende upande, haiungi kilichochanika, rangi ni pambo, na mazoezi ya kurudisha nguvu hayana mbadala. Hayo nayo niliyasikia tu, sikatai. Lakini niliyasikia kwa mtu aliyesomea kazi hiyo na asiyekasirika kuulizwa.

Basi nasaha yangu ni hii. Usifunge kiungo kwa maneno ya kijiweni. Ukifungwa, viache vidole wazi. Ukisikia ganzi, baridi au mwasho, bandua tepu, hata kama aliyekufunga ana cheti. Tepu isikupe ruhusa ambayo mguu wenyewe umekunyima. Na mwenzako akikwambia anaumia, mwamini yeye kwanza kabla ya dawa yako. Mungu akupe viungo vyepesi, na masikio mazito kwa maneno ya mitaani.

Ama Ndahani, miaka ya baadaye wengine waliniambia kwamba alipona kabisa, wengine kwamba alichechemea hadi uzeeni. Sikuwepo, sitathibitisha. Asubuhi niliyohama Haneti alinisindikiza hadi barabarani, sanduku langu la vitabu kichwani mwake, na alikataa nimpokee. Nilitembea nyuma yake njia nzima. Mguu wa kushoto ulikuwa ukitua kwa ncha, ukichelewa kidogo kuliko wa kulia. Hilo nililiona.